Asili ya miale ya kosmiki: kilichothibitishwa na ambacho bado

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nitoe maoni yangu juu ya makala fupi ya sayansi iliyochapishwa gazetini humu hivi karibuni, iliyowaeleza wasomaji kwamba wanasayansi sasa wamekwisha kujua miale ya kosmiki inatoka wapi, kwamba yote inatoka katika nyota zilizolipuka, na kwamba kazi hiyo imefanywa na mitambo ya mataifa ya mbali ambayo sisi huku hatuna tunalohusika nalo. Niliisoma makala ile kwa furaha, kwa sababu ni nadra mno magazeti yetu kuandika habari za anga zisizokuwa kupatwa kwa jua au kuandama kwa mwezi. Hata hivyo, mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Tanga, na wanafunzi wangu huniletea vipande vya magazeti darasani wakiviamini kama wanavyokiamini kitabu cha kiada. Kwa hiyo naona ni wajibu wangu kusema kwamba habari ya nyota zilizolipuka ni kweli kwa sehemu tu, na ile ya kwamba hatuhusiki si kweli hata kidogo.

Miale ya kosmiki ni chembe za maada zinazosafiri kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Kati ya kila chembe mia, karibu 90 ni protoni, yaani viini vya hidrojeni, karibu 9 ni viini vya heli, na zilizobaki ni viini vizito zaidi pamoja na elektroni chache. Zinapoigonga hewa ya juu huzaa chembe nyingine, na baadhi ya hizo, ziitwazo muoni, hufika hadi chini. Kwenye usawa wa bahari hupita muoni mmoja hivi katika kila sentimita ya mraba kwa kila dakika, mchana na usiku, nje na ndani ya nyumba. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa kuwa kwa miaka mingi umekuwa ukizunguka kwenye simu ujumbe unaoonya kwamba usiku wa leo, kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu, miale ya kosmiki itapita karibu na dunia, na kila mtu azime simu yake asije akadhurika. Nimewaona watu wazima, wenye elimu yao, wakizizima. Hakuna usiku maalumu wa miale ya kosmiki. Inapita katika mwili wa msomaji wakati huu anapoisoma barua hii, na ilipita katika miili ya mababu zake wote.

Aliyethibitisha kwamba inatoka angani ni Victor Hess wa Austria, na chombo alichokitumia ni cha ukoo mmoja na elektroskopu tunayoifundisha katika shule zetu za sekondari. Katika maabara yetu tunaitengeneza kwa chupa ya jamu, kizibo, msumari wa shaba uliopenya kwenye kizibo hicho, na vipande viwili vyembamba vya karatasi ya bati vinavyoning'inia kwenye ncha ya msumari. Ukiugusa msumari kwa rula ya plastiki iliyosuguliwa kwenye nywele kavu, vipande vile viwili husukumana na kuachana. Kisha, polepole, hurudiana. Hapa kwetu hurudiana upesi mno, hasa wakati wa masika, kwa sababu unyevu wa hewa ya bahari hupitisha chaji kwenye uso wa kizibo, na imetulazimu kuianika chupa juani na kuupaka mzingo wa msumari nta ya mshumaa kabla ya kupata kipimo cha maana. Lakini hata chombo kilichokauka na kuzibwa barabara hupoteza chaji yake mwishowe, na jambo hilo liliwasumbua wataalamu mwanzoni mwa karne iliyopita. Wengi walidhani sababu ni madini yenye unururifu yaliyomo ardhini. Mwaka 1910 Theodor Wulf, padri Mjesuiti aliyekuwa pia mwanafizikia, alipanda na chombo chake juu ya mnara wa Eiffel mjini Paris, na upotevu haukupungua kwa kiasi ambacho kingetarajiwa kama chanzo chake kingekuwa ardhi peke yake. Hess akaenda juu zaidi. Tarehe 7 Agosti 1912 alipaa kwa puto hadi mita 5,300 hivi, akakuta kwamba kadiri alivyopanda juu sana ndivyo upotevu ulivyoongezeka, hata ukawa kama mara mbili au zaidi ya ule wa chini. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amepaa wakati wa kupatwa kwa jua, asione upungufu wowote, na kwa hiyo jua halikuweza kuwa chanzo kikuu. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Ugunduzi huo ulijibu swali moja na kuzaa jingine ambalo limedumu zaidi ya miaka mia moja: inatoka juu, lakini juu wapi? Ugumu wake ni huu. Protoni ina chaji ya umeme, na nafasi iliyo kati ya nyota katika Njia Nyeupe, galaksi yetu, imeenea uga wa sumaku, dhaifu lakini mpana ajabu. Chembe yenye chaji hupindishwa na uga huo, kisha hupindishwa tena na tena kwa mamilioni ya miaka, hata inapotufikia, upande inakotokea hauna uhusiano na mahali ilikoanzia. Anayeliona jahazi likichomoza nyuma ya kisiwa cha Toten na kuingia bandari ya Tanga hawezi, kwa kuutazama tu upande lilikochomoza, kusema kama lilitweka Pemba, Mombasa au Maskati. Ndiyo maana wanaastronomia waligeukia mionzi ya gamma. Huo ni mwanga, ingawa ni mwanga wenye nishati kupita mwanga wa aina nyingine yoyote. Hauna chaji, haupindishwi na sumaku, na kwa hiyo hutujia kwa mstari ulionyooka kutoka ulikozaliwa. Na kwa kuwa huzaliwa pale chembe zenye kasi kubwa zinapogonga gesi au zinapokutana na mwanga mwingine, mahali panapong'aa kwa gamma ni mahali penye chembe za namna hiyo.

Wazo la kwamba mahali hapo ni nyota zilizolipuka lilitangulia vipimo kwa miaka mingi. Mwaka 1934 Walter Baade na Fritz Zwicky, waliokuwa wakifanya kazi California, walipendekeza kwamba supanova ndizo zinazozaa miale ya kosmiki. Hoja iliyolipa wazo hilo nguvu baadaye ni hesabu ya nishati, nayo naipenda kwa sababu mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuifanya mwenyewe ubaoni. Mlipuko mmoja wa supanova huirusha maada ya nyota kwa nishati ya mwendo ipatayo jouli 10 kwa kipeo cha 44. Katika galaksi yetu hutokea milipuko miwili au mitatu hivi kwa kila karne, na karne moja ni sekunde bilioni tatu na ushei. Ukizidisha na kugawanya, unapata wastani wa wati unaokaribia 10 kwa kipeo cha 35. Miale ya kosmiki nayo huvuja daima kutoka katika galaksi, hivyo lazima kuwe na kitu kinachoijaza upya, na nguvu inayohitajika kwa kazi hiyo ni kama sehemu moja ya kumi ya ile tuliyoipata. Supanova, kwa maneno mengine, zina uwezo huo na akiba juu yake. Lakini kuwa na uwezo si kutenda, na hapo ndipo ushahidi ulipohitajika.

Namna ya kutenda ilielezwa mwaka 1977 na 1978 na watafiti waliofikia jibu moja kila mmoja kwa njia yake, wakiwemo Germogen Krymsky wa Umoja wa Kisovieti na Anthony Bell wa Uingereza. Maada ya nyota iliyolipuka inaporuka kwa maelfu ya kilomita kwa sekunde, husukuma mbele yake wimbi la mshindo katika gesi iliyo nje. Chembe inayolivuka wimbi hilo hukumbana na misukosuko ya sumaku inayoirudisha, ikavuka tena, ikarudishwa tena, na kila mvuko huiongezea nishati kidogo. Nyingi hupotea njiani baada ya mivuko michache. Chache zinazodumu hupata nishati kubwa mno. Uzuri wa nadharia hii ni kwamba inatabiri uwiano kati ya chembe za nishati ndogo zilizo nyingi na zile za nishati kubwa zilizo adimu, na uwiano huo unakaribiana na unaopimwa hasa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo makala ile iliwanyima wasomaji. Katika nyanda za juu za Khomas nchini Namibia, mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, zimesimikwa darubini ziitwazo H.E.S.S., jina linalomuenzi yule Hess wa puto. Nne za kwanza zilikamilika mwishoni mwa 2003, kila moja ikiwa na vioo vya duara 380 vinavyofanya kazi pamoja kama kioo kimoja. Ya tano, yenye kioo cha upana wa mita 28, ilianza kazi 2012. Taasisi za Ujerumani na Ufaransa ndizo zenye mchango mkubwa zaidi, na Chuo Kikuu cha Namibia kimo katika ushirikiano huo. Mionzi ya gamma yenyewe haifiki ardhini. Inapoingia hewani huzaa mvua ya elektroni na positroni (chembe mfano wa elektroni lakini zenye chaji chanya), ambazo kwa kuwa huenda kasi kuliko mwanga unavyokwenda katika hewa, hutoa mmweko hafifu wa buluu unaodumu kwa sehemu chache za bilioni ya sekunde. Mmweko huo huangukia ardhini katika duara la upana wa mita 250 hivi, na darubini zilizo ndani ya duara hilo huupiga picha kwa wakati mmoja kutoka pembe mbalimbali, ndipo inapojulikana gamma ile ilitoka upande gani wa mbingu na ilikuwa na nishati kiasi gani. Nchi yenye usiku mweusi, hewa kavu na mbingu ya kusini iliyo wazi ni hazina kwa kazi hii, na Namibia inayo yote matatu.

Mwaka 2004 darubini hizo zilitoa picha ya kwanza iliyoonyesha umbo la mabaki ya supanova katika mionzi ya gamma ya nishati ya juu mno. Mabaki hayo, yanayojulikana kwa namba RX J1713.7-3946, yako upande wa mkia wa Nge, kundi la nyota ambalo wajuzi wetu wa falaki huliita Akarabu, na umbali wake ni miaka ya nuru 3,000 na zaidi. Wataalamu wengi wanayahusisha na nyota ngeni iliyoandikwa na wachunguzi wa China mwaka 393. Upana wake angani ni kama mara mbili ya mwezi mpevu; mtu akisimama Raskazone baada ya isha mwezi wa Julai au Agosti na kuelekea kusini, anautazama upande huo huo, ingawa jicho halioni ila nyota za kawaida. Katika picha ya gamma kulionekana ganda, na ganda hilo lilifuata karibu sawasawa lile lililokwisha kuonekana kwa eksirei. Kwa mara ya kwanza mahali chembe zinapoongezewa kasi palionekana kwa umbo lake.

Msomaji atauliza: picha ikishapatikana, je, kesi haijakwisha? Haijakwisha, na naomba nilieleze hili kwa urefu kwa sababu ndilo kiini cha hoja yangu. Mionzi ya gamma katika mabaki ya supanova inaweza kuzaliwa kwa njia mbili zisizofanana. Njia ya kwanza ni ya protoni: protoni yenye kasi hugonga kiini cha atomu katika gesi, na katika mgongano huo huzaliwa chembe iitwayo pioni isiyo na chaji, ambayo papo hapo huvunjika na kuwa fotoni, yaani chembe za mwanga, mbili za gamma. Njia ya pili ni ya elektroni: elektroni yenye kasi hukutana na fotoni dhaifu, kwa mfano zile za mnururisho baridi uliojaa ulimwenguni kote tangu mwanzo wake, na huzipiga hadi zikawa gamma. Picha ya njia ya kwanza na picha ya njia ya pili zinaweza kufanana kabisa machoni. Kwamba elektroni zipo katika mabaki ya aina hii lilikwisha kujulikana. Mwaka 1995 setilaiti ya Japani iitwayo ASCA ilionyesha, kwa eksirei, kuwapo kwa elektroni zenye nishati kubwa mno katika mabaki ya supanova ya mwaka 1006, ile ambayo tabibu Ali ibn Ridwan aliiona na kuieleza katika maandishi yake kuwa ni kubwa kuliko Zuhura. H.E.S.S. nayo ilitangaza mwaka 2010 kwamba mabaki hayo hayo yanatoa gamma kutoka kingo mbili zinazokabiliana. Lakini elektroni ni sehemu moja hivi tu ya mia ya miale ya kosmiki. Ushahidi wa elektroni si ushahidi wa protoni, na protoni ndizo tunazozitafuta.

Mvutano juu ya mabaki yale ya Nge unaonyesha vizuri ugumu huu. Mwaka 2011 setilaiti ya Marekani iitwayo Fermi, iliyorushwa Juni 2008, ilipima gamma yake ya nishati za chini zaidi, na mpangilio uliopatikana ulielekea upande wa elektroni. Wengine, kwa kuchora ramani za gesi iliyopo pale, waliona kwamba gamma hung'aa zaidi penye gesi nyingi, na hilo huelekea upande wa protoni. Mwaka 2021 kundi lililoongozwa na Yasuo Fukui wa Chuo Kikuu cha Nagoya lilijaribu kutenganisha michango ya pande mbili, likapata kwamba kama theluthi mbili ya gamma hiyo ni ya protoni na theluthi moja ya elektroni. Naiona kazi hiyo kuwa ya heshima kubwa, maana haikushabikia upande wowote bali iliuliza kila upande una kiasi gani.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulitoka kwingine, katika mabaki mawili ya zamani zaidi, W44 na IC 443, ambayo yote mawili yamejigonga kwenye mawingu mazito ya gesi. Pioni isiyo na chaji ina tungamo lake maalumu, na ikivunjika ikiwa imetulia, kila moja ya fotoni mbili hupata elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe) milioni 67.5. Kwa sababu hiyo, gamma inayotokana na pioni lazima ipungue ghafla chini ya elektronivolti milioni 200 hivi. Ile ya elektroni haina sababu ya kufanya hivyo. Kupima eneo hilo la nishati ni kazi ngumu. Setilaiti ya Italia iitwayo AGILE ilifika huko kwanza, kwa W44, mwaka 2011. Kisha Februari 2013 kundi la Fermi, baada ya kukusanya vipimo vya miaka minne, lilichapisha katika jarida la Science mchoro wa W44 na wa IC 443, na katika yote mawili mteremko ule ulikuwapo. Huo ndio msingi wa usemi kwamba mabaki ya supanova yana protoni zenye kasi, nami nausema darasani bila kusita.

Kilichozidishwa na makala ni kuruka kutoka hapo hadi kusema kwamba miale yote imekwisha kupatiwa chanzo. Nishati ya miale ya kosmiki inapopanda, idadi ya chembe huteremka, na kwenye elektronivolti trilioni 3,000 hivi mteremko huo hubadilika ghafla, na wataalamu huliita pindo hilo goti. Chembe za huko zina nishati zaidi ya mara 400 ya kila protoni inayozungushwa katika mtambo mkubwa wa chini ya ardhi karibu na Geneva. Yeyote anayedai kwamba supanova ndizo chanzo cha miale ya galaksi yetu hana budi kuonyesha kwamba zinafika kwenye goti. Fotoni ya gamma hubeba kama sehemu moja ya kumi ya nishati ya protoni iliyoizaa, kwa hiyo alama ya kutafuta ni gamma ya elektronivolti trilioni 100 na kuendelea. W44 na IC 443 hazifiki hata karibu. Cassiopeia A, mabaki machanga ambayo mwanga wa mlipuko wake ulifika duniani miaka 350 hivi iliyopita, yalitegemewa sana. Lakini mwaka 2017 darubini za MAGIC kwenye kisiwa cha La Palma zilionyesha kwamba gamma yake huanza kukatika kwenye trilioni 3.5. Wapo wanaosema kwamba supanova hufika kwenye goti katika miaka yake ya mwanzo kabisa tu, na kwamba sisi tumechelewa kuziona. Inawezekana. Haijathibitishwa.

Na vyanzo vinavyofika huko vimeanza kuonekana, navyo havijawa vile vilivyotarajiwa. Mwaka 2016 H.E.S.S. ilitangaza dalili za protoni za elektronivolti trilioni 1,000 zikitoka katikati ya galaksi, jirani na shimo jeusi lenye tungamo la majua milioni nne. Mwaka 2021 uwanja wa vipimo wa LHAASO, ulioko mita 4,410 juu ya usawa wa bahari mkoani Sichuan, China, ulitoa orodha ya vyanzo 12 vya gamma inayozidi trilioni 100; fotoni moja kutoka upande wa kundi la nyota la Cygnus, palipo na makundi ya nyota kubwa changa, ilikuwa na trilioni 1,400. Kati ya vyanzo hivyo 12, kimoja tu ndicho kilichotambuliwa bila shaka, nacho ni Nebula ya Kaa, inayoendeshwa na nyota ya neutroni inayozunguka kwa kasi, si na ganda la mlipuko. Vingine viko karibu na vitu zaidi ya kimoja, yakiwemo mabaki ya supanova, na haijaamuliwa kipi ndicho.

Kuhusu kutohusika kwetu, sihitaji kwenda Namibia. Ukiifuata pwani hii kuelekea kaskazini, ukapita Mombasa, unafika Malindi, ambako Waitaliano walijenga jukwaa baharini la kurushia roketi, liitwalo San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa heshima ya sikukuu ya Kenya ya siku hiyo. Nayo ndiyo setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya astronomia ya eksirei pekee. Novemba 1972 ikarushwa kutoka jukwaa hilo hilo SAS-2, iliyobeba darubini ya gamma. Ilifanya kazi kwa miezi saba tu, lakini ilionyesha kwamba mng'ao wa gamma kandokando ya Njia Nyeupe unafuatana na gesi inayogongwa na miale ya kosmiki, na huo ulikuwa mwanzo wa njia yote niliyoieleza. AGILE nayo, ile iliyotangulia kuipima W44, ilikuwa ikipokelewa na kituo cha Malindi: vipimo vya protoni za W44 vilishuka kutoka angani na kutua kwanza katika pwani ya Waswahili. Mwanafunzi wa Tanga anayeambiwa kwamba haya ni mambo ya wengine anadanganywa, na inaniuma kwamba anadanganywa kwa lugha yake mwenyewe.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni dogo. Naomba gazeti lichapishe masahihisho yanayosema kwamba imethibitishwa kuwa mabaki ya supanova huongezea protoni kasi, na kwamba haijathibitishwa kuwa yanazifikisha kwenye nishati za juu kabisa zinazopimwa katika miale ya galaksi yetu. Naomba pia kwamba makala ijayo ya aina hii itaje ni chombo gani kilichopima, kiko wapi, na kimepima nini hasa, hata kama sentensi hizo zitachukua nafasi ya picha. Darubini mpya za gamma zinajengwa La Palma na katika jangwa la Atacama nchini Chile, na matokeo yake yatakapoanza kutoka, habari za miale ya kosmiki zitarudi magazetini mara nyingi zaidi. Endapo mwandishi wenu atapenda kuziandaa habari hizo pamoja na walimu, niko tayari kumpokea katika maabara yetu siku yoyote ya juma la masomo, na chupa zetu za jamu zitakuwa zimekwisha kukaushwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Fizikia,
Tanga.